Wimbo Ulioachwa Njiani

Marehemu alikuwa mwalimu wa kwaya, na kama walimu wengi wa kwaya, alikuwa mtu mtamu nje ya mazoezi na mwiba ndani yake. Lakini kilichomtofautisha na wenzake hakikuwa ukali. Kilikuwa ukaidi mmoja tu: nyimbo zake hazikuisha. Kwaya ilipanda, ikashuka, ikazunguka, sauti zote nne zikakutana kwenye noti ya ti, na pale ambapo hata mtoto wa chekechea angejua kwamba sasa inakuja do, mwalimu alikunja ngumi hewani na watu wakanyamaza. Do haikuja. Wasikilizaji walibaki wamekaa kwenye ncha za viti, midomo wazi, na waimbaji wa sauti ya nne, watu wazima wenye vitambi vyao, walikwenda kuimalizia chooni.

"Do ni nyumbani," alikuwa akiwaambia, huku akifuta ubao kwa kiganja na kukipangusia kwenye suruali. "Wimbo ukishafika nyumbani, watu wanachukua mikoba yao. Uacheni njiani, utatembea nao." Kamati ya kwaya ilimwita zaidi ya mara moja kumuuliza kama ana matatizo. Alijibu kwamba hana, akawashukuru kwa soda, akarudi kuwakata watu kauli kwenye ti.

Tena hakupenda makaratasi. Kwake yeye karatasi ilikuwa ya waoga. Wimbo usioujua kwa mwili, alisema, bado hujaujua.

Mke wake aliimba sauti ya pili katika kwaya hiyohiyo, ndiyo maana watu wote, hadi pale kwa dobi alikopiga pasi, walimwita Sauti ya Pili. Jina lilimkaa. Sauti ya pili ndiyo inayoubeba wimbo bila mtu kuigundua. Ikikosekana ndipo watu wanaulizana leo kumeharibika nini. Mwanamke mwenyewe alikuwa hivyohivyo, mpole, wa pembeni, mwenye mikono myepesi, na huwezi kumsikia akigombana na mtu labda iwe pasi imemwaga maji kwenye hariri ya mteja.

Mwalimu alikufa ghafla, bila kuugua na bila kuaga, kati ya mazoezi na mazoezi. Mama yake alikuja msibani na begi dogo, na watu walipotawanyika yeye hakutawanyika. Sauti ya Pili alidhani amebaki kwa kumwonea huruma, naye akashukuru, maana alikuwa amelelewa kwa mashangazi, akihamishwa kutoka nyumba hadi nyumba, na mama mkwe huyu ndiye mtu wa kwanza kumwita "mwanangu" bila kumtuma kitu.

Kisha jioni moja, wote wawili wamekaa sebuleni na taa haijawashwa bado, waliisikia.

Ilitoka upande wa bafuni, pale marehemu alipozoea kusimama akinyoa ndevu. Sauti ya mwanamume anayeimba midomo imefumbwa, taratibu, kama mtu asiyejua kwamba anasikika. Mi, re, mi, so. La, so, ti. Halafu kimya. Kilikuwa kipande alichokuwa akikitunga siku zake za mwisho, ambacho hakuwahi kukiandika ubaoni wala kumfundisha mtu. Kilijulikana na watu wawili tu duniani, mke aliyekisikia bafuni na mama aliyeimbiwa kwenye simu, na wote wawili walikuwa kwenye kochi.

Sauti ya Pili nywele zilimsimama. Aligeuka akamtazama mama mkwe wake. Mama mkwe alikuwa amefumba macho, kichwa amekiinamisha kidogo upande.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia. Kaa kimya, utamfukuza."

Wengine tungekimbia. Tungeita majirani, tungeita fundi wa bomba, tungehama hata kwa mguu. Hawa wawili hawakukimbia. Kesho yake jioni walikaa palepale, na keshokutwa vilevile, na kila jioni ilikuja. Hawakulizungumza jambo hilo, hata baina yao. Sauti ya Pili alirudi kutoka kazini, akavua viatu, akachemsha chai, akaketi. Mama mkwe alikuwa ameshakaa, amejitanda, amejiweka tayari kama mtu anayesubiri mgeni wake kituoni. Ikishapita ndipo waliwasha taa na kuanza kupika, na wakati huo ndio mama mkwe aliongea, akacheka, akasimulia jinsi mwanawe alivyokuwa akikataa kumaliza hata uji. Mchana kutwa hakuwa na maneno.

Binti yake, yaani wifi wa Sauti ya Pili, alikuwa akipiga simu kila mara. "Mama, unafanya nini huko? Chumba chako kipo, wajukuu wanakuulizia."

"Nitakuja," alijibu mama mkwe. "Bado nipo na kaka yako."

Wifi alidhani mama anazungumzia kaburi. Sauti ya Pili alijua mama anazungumzia bafu, na akajua na jambo jingine, ambalo lilimkalia moyoni akiwa usingizini na akiwa macho: mama huyu hakai hapa kwa ajili yangu. Siku sauti ile ikikoma, begi dogo litashuka kutoka juu ya kabati, na nyumba itabaki na mtu mmoja na pasi yake.

Basi ndipo sauti ikaanza kufifia.

Mwanzoni alijidanganya kwamba ni mvua, ni redio ya jirani, ni masikio yake yaliyochoshwa na mvuke. Lakini jioni zilivyokwenda ndivyo ilivyozidi kuwa mbali, na jioni moja alijikuta anashindwa kuamua kama noti ya tano ni la au ni fa. Alisimama jikoni na kijiko mkononi. Akisahau yeye, na mama akisahau, mtu huyu hatakuwepo tena mahali popote. Alifikiria kuiandika kwenye karatasi, akamkumbuka marehemu na ubishi wake kuhusu karatasi, na papo hapo akajua aiandike wapi.

Mchora tatuu alikuwa na chumba nyuma ya duka la fotokopi, chumba kimoja chenye kiti cha kinyozi, taa ya kukunja shingo na ukuta uliojaa picha: simba, waridi, nanga, na samaki wengi mno. Baadaye alieleza kuwa samaki wale wengi walikuwa majina ya wapenzi. Mapenzi yakiisha, mwenye mkono anarudi, na jina refu halina umbo linaloweza kulificha vizuri kuliko samaki.

"Dada, wewe ni jina au ni picha?" aliuliza.

"Ni noti, fundi."

Alimpa kipande cha karatasi ya kufungia nguo, alichokuwa amekiandika asubuhi ile: m r m s l s t. Mchoraji alikitazama, na uso wake ukabadilika. Alitabasamu kama mtu aliyekutana na shemeji yake ugenini.

"Solfa! Mimi nimekulia kwenye kwaya, dada. Sauti ya tatu, tangu sauti ivunjike. Mama yangu alikuwa ananipiga kwa hizi." Akaisoma kwa sauti ya chini, bila kukosea. Mi, re, mi, so. La, so, ti. Halafu akanyanyua macho. "Mbona haijaisha?"

"Ndivyo ilivyo. Isiishe."

"Inauma hivyo."

"Najua. Iache hivyohivyo."

Kuisikia kutoka kwenye koo la mwanamume aliye hai kulimtikisa kuliko alivyotarajia. Alikaa kwenye kiti cha kinyozi. Mchoraji hakuuliza zaidi. Watu wa kazi ile wanajua kwamba mtu mzima anayekuja peke yake, mchana, na maandishi mafupi, amefiwa. Alizinakili zile herufi kwenye karatasi yake ya kaboni, akamsafisha mkono wa kushoto upande wa ndani, chini kidogo ya kiwiko, akaibandika karatasi, akaibandua, na herufi saba zikabaki kwenye ngozi kwa rangi ya zambarau. Alimsogezea taa aone. Sauti ya Pili alizihesabu kwa kidole, akaridhika, akageuza uso ukutani kwa samaki.

"Piga moyo konde, dada. Ndani ya mkono kunawasha."

Kuliwasha kweli. Lakini alikuwa mtu wa pasi, ameungua mara nyingi kuliko anavyokumbuka, na maumivu ya sindano yalikuwa madogo yakilinganishwa na yale aliyokuja nayo. Alifumba macho. Mashine ilinguruma kwa mlio wa namna moja, na mchoraji, kama mafundi wengi wanaopenda kazi yao, alianza kuimba midomo imefumbwa. Aliimba alichokuwa anakiandika. Kila herufi aliyoifikia aliishikilia mpaka ikaisha, kisha akaenda nyingine. Sauti ya Pili akajiachia kabisa kwenye kiti. Kwa mara ya kwanza tangu msiba alijisikia salama. Mi. Re. Mi. So. Ilikuwa inaingia ndani, mahali ambapo hakuna kiganja kitakachoifuta. La. So. Ti, ndefu, laini, ikining'inia.

Halafu akasikia do.

Ilikuja polepole, bila papara, ikatua kama mtu anayeweka mzigo chini. Iliimbwa vizuri mno. Na wakati uleule ambapo masikio yake yalikuwa yanaikataa, ngozi yake ilihisi sindano ikizunguka mduara mdogo, ikapanda mstari mmoja wima, ikakoma.

Mashine ilizimwa. Mchoraji alipangusa mkono kwa karatasi laini, akaukaribisha kwenye taa, na akaganda.

"Umefanya nini?" aliuliza Sauti ya Pili. Alikuwa ameshajua.

"Dada." Fundi aliokota ile karatasi ya kaboni sakafuni, akaigeuza huku na huku. "Dada, sikuichora. Tazama. Hapa haipo. Hapa zipo saba."

Kwenye mkono zilikuwa nane.

Alikuwa fundi mzuri, na kosa lile asingelifanya fundi asiyejua kitu. Mtu asiyejua solfa angezichora herufi saba kama angechora mgongo wa samaki, na asingezidisha hata nukta. Lakini huyu alikulia kwenye kwaya; mwili wake ulikuwa na miaka mingi ya kutoka ti kwenda do, na mkono ulikwenda wenyewe. Hivyo ndivyo ninavyolieleza mimi. Yeye mwenyewe, akiwa amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, alilieleza tofauti.

"Niliisikia inakuja," alisema. "Nilikuwa nimeshafunga mdomo, dada. Haki ya Mungu, nilikuwa nimeshafunga mdomo, nikaisikia inakuja, nikaifuata."

Sauti ya Pili hakumgombeza. Aliomba ifutwe, akaambiwa tatuu haifutwi. Aliomba ifunikwe, akaambiwa kidonda kibichi hakichorwi juu yake, arudi kikishapona. Fundi alimpaka mafuta, akamfunga plastiki, akakataa kupokea chochote. Mlangoni alimwuliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu, wimbo ule ni wa nani. Yeye akajibu kwamba ni wa mume wake, na hakuumaliza.

Jioni ile alifika nyumbani amevaa blauzi ya mikono mirefu. Mama mkwe alikuwa ameshajitanda kwenye kochi. Walikaa. Giza liliingia sebuleni kidogokidogo, likafunika meza, likafunika miguu yao. Bafuni bomba lilidondosha tone, likanyamaza. Jirani aliita watoto wake. Hakuna kilichokuja.

"Leo amechelewa," alisema mama mkwe.

Sauti ya Pili alivuta mkono wa blauzi hadi kwenye kiganja. Mkono ulikuwa unampwita chini ya kitambaa.

Kesho yake haikuja. Keshokutwa haikuja. Kwa dobi joto lilikuwa la kuchemsha maharage, na yeye alisimama kwenye meza ya mashuka na mikono mirefu imefungwa vifungo, jasho likimtiririka hadi kwenye viganja. Mwenzake wa meza ya mashati alimtania kwamba ameposwa na mtu mwenye wivu. Alicheka, maana kucheka kulikuwa rahisi kuliko kueleza. Akienda chooni alikunja mkono wa blauzi na kutazama. Herufi zilikuwa zimetulia vizuri, nyeusi, nadhifu, na ile ya mwisho ilikuwa nzuri kuliko zote. Alijaribu kuiziba kwa kidole gumba na kuzisoma zile saba peke yake. Haikusaidia. Alipofika kwenye ti, kichwa chake chenyewe kilikwenda do, na wimbo ukafika nyumbani, ukavua viatu, ukalala. Nimemuua mara ya pili, aliwaza. Mara ya kwanza sikuwepo. Mara hii nimekaa kitini nikamfumbia macho.

Nyumba ilikuwa kimya, na kimya chake kilikuwa kibaya kuliko ile sauti. Sauti ilikuwa inakuja mara moja tu kila jioni, ikapita. Kimya kilikuwepo bafuni, kilikuwepo kabatini kwenye suruali zenye chaki, kilikuwepo katikati ya wanawake wawili wanaokula bila kutazamana. Mama mkwe aliacha kusimulia habari za uji. Akawa anauliza swali moja jioni, kisha hata hilo akaliacha. Siku moja Sauti ya Pili alirudi kutoka kazini akakuta begi dogo limeshushwa, liko juu ya kitanda, limefunguliwa, na nguo zimekunjwa kando.

"Wifi yako atanifuata Jumamosi," alisema mama mkwe. Hakusema kwa ubaya. "Naona kaka yake ameshapumzika. Na mimi nisikuzibie nafasi, mwanangu. Wewe bado kijana."

"Hunizibii, mama."

"Najua."

Alitamani kumwambia kila kitu. Alitamani kukunja mkono wa blauzi na kuuweka mapajani mwa yule mama, amtazame na amchape kama anataka. Badala yake akakaza kifungo cha blauzi. Kumwambia ilikuwa ni kumwambia kwamba mwanawe hakupumzika, kwamba amepumzishwa, na kwa mikono ya nani. Akasema anakwenda kuoga.

Bafuni hakuwasha taa. Alisimama mbele ya kioo kidogo cha kunyolea, ambacho hakuna aliyekitoa, na alisikia upande wa pili wa mlango kochi likilia: mama mkwe ameketi. Jioni ilikuwa imefika saa yake. Mama aliyekunja nguo zake, aliyesema mwanawe amepumzika, alikuwa ameketi palepale bado, anasubiri.

Jambo hilo ndilo lililomshinda. Machozi yalimtoka, na kabla hayajafika kidevuni alikuwa amefumba midomo, ameshusha sauti chini kabisa, chini kuliko sauti ya pili inavyoruhusiwa kwenda, mahali ambapo koo linakwaruza. Mi, re, mi, so. Alishika kingo za sinki. La, so. Aliposhika ti, alihisi ile nyingine inakuja. Ilikuwa nyuma ya meno yake. Ilikuwa mkononi, inapwita. Mwili wake wote ulitaka kwenda nyumbani, na akaelewa kwa mara ya kwanza ni nguvu kiasi gani mume wake alitumia kila siku kukunja ile ngumi. Aliziba mdomo kwa kiganja, akakaza, akaikata.

Kimya.

Alingoja. Aliona aibu kama mwizi. Aliwaza kwamba mama ataita jina la mwanawe kwa furaha, na yeye atalazimika kuishi na furaha hiyo. Aliwaza kwamba mama atapiga kelele. Kochi lililia tena. Hatua za kandambili zilikuja ukumbini, bila haraka, zikasimama mlangoni.

"Mwanangu."

"Abee, mama."

"Toa mkono mdomoni."

Akautoa. Kulikuwa na giza, na mlango ulikuwa umefungwa.

"Pale mwisho unakaza," alisema mama mkwe kutoka upande wa pili, na sauti yake ilikuwa imelowa lakini haikutetemeka. "Yeye alikuwa hakazi. Alikuwa anaiachia tu, kama hana shida nayo. Rudia."

Sauti ya Pili akajifuta uso kwa mkono wa blauzi, akavuta pumzi, akarudia.